Pangani, ukingoni mwa mto, ila usiende na haraka

Swali la wiki hii mmeuliza, mgeni akikwambia nitembeze kwa miguu sehemu moja tu, utampeleka wapi na kwanini. Najua wengi watakimbilia milimani, Lushoto, Marangu, Materuni huko, sawa hamjakosea, ila mi jibu langu ni tambarare kabisa: ukingo wa mto Pangani pale mjini, kuanzia pantoni mpaka mto unapoingia baharini. Ni kipande kifupi mno, mwenye haraka zake anakimaliza dafu halijaisha mkononi. Mi kilinichukua karibu saa tatu.

Na haraka ndo ilikuwa ugonjwa wangu miaka yote. Pangani nimepita sijui mara ngapi nikienda Ushongo, ufukweni kule kusini mwa mto, unatoka Tanga asubuhi, kama kilomita 50 hivi, unafika unawahi foleni ya pantoni, unavuka, basi. Ukiniuliza Pangani kuna nini nakwambia kuna pantoni. Tanga si wanasema waja leo waondoka leo, mi kwa Pangani hata huko kuja nilikuwa sijafika.

Sasa siku hiyo mpira wa rejeta ukapasuka tukiwa tumebakiza kidogo tufike kwenye foleni, moshi ule, dereva akafungua boneti akakaa chini akasema bosi hapa mpaka mpira uje kutoka Tanga. Ilikuwa saa tisa kasoro. Nikanuna weee, nikanunua maji, nikanuna tena, mwisho nikaona bora nitembee.

Kitu cha kwanza ni Boma, jengo la Mwarabu wa zamani ambalo Mjerumani naye akaja akalitumia, kuta nene unaweza ukalala ndani ya dirisha. Wenyeji wanasimulia kwamba wakati wa kulijenga kuna watumwa walifukiwa hai kwenye nguzo ili jengo lisimame imara. Mi siwezi kuapa kwa hilo, ila huhitaji nguzo kujua watumwa walipita hapa, Pangani ilikuwa ndo mwisho wa misafara ya bara, pembe zinashuka, watu wanashuka, majahazi yanasubiri, na wengine hawakusafirishwa popote, waliishia humu humu bondeni kwenye mashamba ya miwa. Nyumba za kizamani zipo bado, nyingine zina watu na nguo zimeanikwa barazani, nyingine zimebaki kuta na mti umeota katikati ya sebule.

Alafu unatoka ukingoni, na hapo ndo nilijiona mjinga kwa miaka yote niliyokuwa naangalia mto kupitia kioo cha gari. Mto ni mpana, rangi ya chai ya maziwa, mzito. Maji yale chanzo chake Kilimanjaro na Meru bana, yamepita bwawa la Nyumba ya Mungu, yamezungusha mitambo ya umeme pale Hale, yamenywesha mashamba ya watu wasiohesabika, ndo yanafika hapa yamechoka hayana hata kelele. Ng'ambo ni Bweni, minazi imesongamana kama watu wanaochungulia harusi. Na ukikaa kidogo unaona kioja, maji yakianza kujaa bahari inausukuma mto urudi ulikotoka, vifuu na majani vilivyokuwa vinaenda baharini vinasimama, vinazunguka, alafu vinaanza kurudi juu. Nilisimama pale naangalia kifuu kimoja kinavyobadili mawazo, sijui dakika ngapi.

Ng'ambo hiyo hiyo kuna Kikokwe. Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Hindorf, mwaka 1893 aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge, yani vichipukizi vya kupanda, kutoka Florida, vingi vikafia njiani, vilivyofika hai ni 62, vikapandwa Kikokwe. Ile mikonge yote unayoiona ukipita Muheza, Korogwe, mpaka huko Kilosa, na manamba wote walioletwa kutoka kila kona ya nchi kuja kuikata, ukoo wake umeanzia kwenye vile 62. Babu yangu mzaa mama alikuja Tanga kama manamba, hakurudi kwao, kwa hiyo na mimi kwa namna fulani nimetokea Kikokwe, na nilikuwa naipita nimelala kwenye gari.

Mbele kidogo nikamkuta mzee anakalafati mashua. Imelazwa ubavu, yeye kachuchumaa chini yake, ana pamba kaisokota kama uzi mnene, anaichomeka kwenye mwanya wa mbao kwa patasi, anagonga kwa nyundo ya mti, tok tok, tok tok, anasogea kama upana wa vidole viwili, anagonga tena. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kugeuka, akauliza watoka wapi, nikamwambia gari limeniharibikia. Akasema, "Hebu kaa basi, gari halikimbii." Nikakaa kwenye gogo. Akanionyesha mbao moja nyeusi, kaipapasa kwa dole gumba, akasema hii ya baba yangu, zingine zote nishabadilisha, hii yakataa kuoza.

Ndo yeye aliyenianzishia habari za Bushiri, maana nilimuuliza hivi hapa ndo waliponyongea yule Mwarabu? Shuleni tulisoma mistari miwili, Abushiri bin Salim, alipinga Wajerumani, akanyongwa Pangani Desemba 1889, funga daftari. Kumbe ukiwa pale pale kwenye mto inakuwa kitu kingine. Jamaa alikuwa na shamba lake la miwa jirani na mji, si mgeni. Na fujo yenyewe ilianza Agosti 1888, siku za Idi ya kuchinja, pale ofisa wa kampuni ya Wajerumani, von Zelewski, watu walimwita Nyundo, alipotaka bendera yake ipepee badala ya kumheshimu liwali, yani gavana wa Sultani wa Zanzibar, askari wakashuka kutoka melini wakaingia hadi msikitini na mbwa wakimtafuta liwali. Msikitini, na mbwa, Idi! Mzee alifika hapo akaacha kugonga, akanitazama kama vile mi ndo nilikuja na wale mbwa. Nyundo mwenyewe miaka mitatu baadae Wahehe wa Mkwawa walimmalizia Lugalo, ile ya Iringa.

Kutoka kwa mzee mpaka mdomoni mwa mto ni ngalawa, nyavu zimeanikwa, watoto wanacheza chandimu, na kila baada ya hatua kumi unaamkia mtu. Hapo ndo saa zinaishia, kwa sababu Pangani husemi shikamoo ukaendelea kutembea, unaulizwa habari za utokako, za nyumbani, za safari, na ukijibu nusu nusu unaonekana huna malezi. Mwisho kabisa unauona mstari kwenye maji, huku kahawia huku buluu, hauko wima, unapinda pinda kama pindo la kanga kwenye upepo.

Ushauri kwa atakayeenda: nenda saa kumi jioni, jua linakuwa mgongoni, na uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi, yakiwa yamekupwa unaona tope na plastiki nyingi kuliko mto, nisiwadanganye. Vaa kiheshima ni mji wa Waislamu. Na nenda mapema. Nilivyopita mara ya mwisho daraja walikuwa wanalijenga bado, mita 525, la ile barabara ya kuunganisha Tanga na Bagamoyo kupitia Saadani. Wa Bweni wana haki ya kulifurahia, mgonjwa usiku kusubiri chombo si mchezo. Ila magari yatapaa juu ya mto kwa spidi themanini, na watu wa aina yangu mie hawatapata hata ile foleni.

Saa kumi na mbili kasoro dereva akapiga, bosi limepona, tuko wa tatu kwenye foleni, uko wapi? Nikamwambia vuka tu na gari, mi nakuja na mtumbwi, tukutane ng'ambo.