Mbwa anatetemeka baada ya kuogeshwa: dawa ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina mbwa dume wa miezi mitano, chotara wa Jemani shepadi. Kupe wamemjaa masikioni na katikati ya vidole. Kila Jumamosi namwogesha kwa dawa ya ng'ombe niliyopewa na shemeji, kifuniko kimoja kwenye ndoo ndogo, lakini ikifika Jumatano kupe wamerudi. Jumamosi iliyopita niliweka vifuniko viwili. Jioni akawa anatokwa mate na kutetemeka, nikamnywesha maziwa akapata nafuu. Tangu siku hiyo watoto wakimrushia mpira hata hainuki. Je, niongeze dawa au nibadilishe? – Mama wa watoto wawili, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Mama, usiongeze, na hiyo chupa usiiguse tena kwa ajili ya mbwa. Mbwa aliyetoka kuogeshwa dawa akaanza kutokwa mate na kutetemeka amekula sumu, hata kama wewe hukumtia tone mdomoni. Imepita kwenye ngozi, na iliyobaki kwenye manyoya ameilamba mwenyewe akijikausha.

Maziwa hayakumponya. Dawa iliyoingia kwa ngozi haifuatwi na maziwa tumboni. Mwili wake ulipambana nayo mpaka ikapungua, basi maziwa yakapewa sifa. Tena mbwa anayetetemeka hamezi vizuri, kwa hiyo ukimnywesha kwa nguvu, maziwa, mafuta ya kula au mayai mabichi, unaweza kuyapeleka kwenye mapafu. Cha kufanya saa hiyo ni kumwosha kwa maji mengi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, wewe ukiwa umevaa glovu, umfute akauke, umzuie asijilambe, kisha umkimbize kwa daktari pamoja na chupa ya dawa.

Chupa ni muhimu kuliko maelezo. Dawa za josho si kitu kimoja. Zipo za jamii ya organofosfati, kama klofenvinfosi: hizo huleta mate, machozi, kuharisha, mboni za macho kusinyaa kama kichwa cha pini, misuli kurukaruka, na mwisho pumzi inakata. Ipo amitrazi, ambayo mbwa hulegea kama mlevi, moyo unakwenda polepole na mwili unapoa. Sumu ya kwanza tunaitibu kwa atropini. Ukimchoma atropini mbwa wa amitrazi unaweza kumwongezea matatizo. Sasa mtu anafika na mbwa hoi, ukimuuliza alitumia nini anajibu "ile dawa nyeupe". Zote zikiingia kwenye maji zinakuwa nyeupe, mama!

Halafu kifuniko. Lebo inaandika mililita kwa lita ya maji, na imeandikwa kwa ajili ya ng'ombe. Kifuniko cha chupa hii si sawa na cha chupa ile, na "ndoo ndogo" ya nyumba moja ni lita tano, ya nyumba nyingine ni kumi. Wako ana miezi mitano, uzito wake mdogo, ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko ya mtu, sembuse ya ng'ombe. Na kuna watoto wanaomkumbatia akiwa bado mbichi. Hiyo dawa iliyomtetemesha yeye iko pia mikononi mwao wanapokaa kula.

Turudi kwa kupe wanaorudi Jumatano, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Huyo kupe wa kahawia wa mbwa haishi juu ya mbwa. Anapanda kunyonya siku chache, akishiba anadondoka na kwenda kujificha kwenye ufa wa ukuta, chini ya gunia, nyuma ya fremu ya mlango, hata kwenye dari, kwa sababu ana tabia ya kupanda juu. Huko anajibadilisha kutoka kitoto cha miguu sita kuwa wa miguu minane, anarudi kunyonya, anadondoka tena. Jike akishiba vizuri anataga mayai elfu kadhaa na kufa. Mkubwa asiyepata mbwa anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Kwa hiyo Jumamosi unaua waliopo mwilini tu, na Jumatano wanapanda wenzao waliokuwa ukutani muda wote. Ungeweka vifuniko kumi ungepata Jumatano ileile, na pengine bila mbwa.

Chukua tochi usiku, ukague banda na ukuta anapolala, hasa kwenye pembe na kwenye mstari ambapo ukuta unakutana na paa. Utawaona. Ziba nyufa kwa saruji, choma magunia, nguo za kulalia zifue kwa maji ya moto. Nyunyizia banda dawa ya wadudu ya majumbani mbwa akiwa mbali, arudi pakishakauka kabisa, na rudia kila baada ya wiki mbili au tatu kwa sababu mayai hayafi kirahisi. Jipange kwa miezi mitatu au zaidi. Ukiwa na paka, mtoe, na soma lebo: pamethrini inaua paka.

Kwa mbwa mwenyewe tumia dawa ya mbwa, inayopimwa kwa kilo zake. Vipo vidonge vya kutafuna vya mwezi mmoja, vingine vya wiki kumi na mbili, na ipo ya matone ya mgongoni kama fipronili. Ni ghali ukilinganisha na kifuniko cha shemeji, nakubali. Mbwa wako alishatetemeka, kwa hiyo mwambie daktari kabla hajakupa kidonge; baadhi havifai mbwa mwenye historia ya degedege. Ukichagua matone, usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada, kwani hutembea na mafuta ya ngozi, na sabuni huyaondoa. Kuoga kwa usafi mara moja kwa mwezi kunamtosha, kwa shampuu ya mbwa. Sabuni ya unga, Jiki, mafuta ya taa na oili chafu ya gari viacheni. Oili chafu! Bado naletewa mbwa waliopakwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huo mpira. Inaweza kuwa ni sumu haijaisha, inaweza pia kuwa homa ya kupe, na Jemani shepadi huwa inampiga vibaya kuliko mbwa wengi. Mfunue mdomo uangalie ufizi. Ukiwa mweupe, au akitokwa damu puani, au mkojo una rangi ya kahawa, usisubiri kesho. Hata ukiwa wa waridi, apimwe damu wiki hii. Akikutwa na erlikia, yaani bakteria wa homa ya kupe, atapewa antibiotiki ya doksisaiklini, kwa kawaida siku 28. Siku ya tano atakuwa anakimbiza mpira na utatamani kuacha vidonge. Maliza zote.

Na tafadhali usimwite yule kijana wa pikipiki mwenye sindano ya "kumaliza kupe". Mara nyingi ni ivamektini ya ng'ombe, imevutwa kwa kukadiria. Mbwa wa ukoo wa koli (collie), na baadhi ya Jemani shepadi, hasa weupe, wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo: mbwa anayumba, anapofuka, anazimia. Chotara wako hujui amerithi nini, na kijana naye hajui. Vishoka hao hao wanatembeza chanjo ya kichaa cha mbwa mfukoni, juani, wakati inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Umelipa, mbwa amechomwa maji, na watoto wako wanacheza naye mkiamini ana kinga. Chanjo hiyo, kama hajapata, alistahili tangu miezi mitatu. Siku ya kupima damu ulizia, uione ikitolewa kwenye friji, na usiondoke bila kadi yenye stika ya chupa na sahihi ya daktari.