Lisa kazaliwa lini?

SWALI: Shikamoo kaka. Juzi tulikua kibanda umiza tunaangalia katuni ya Marekani The Simpsons, episodi moja Homer na Marge, yaani baba na mama, wanakutana shule 1974, nyingine ni miaka ya tisini na hawajaoana hata! Wenzangu wakanizima eti sijaelewa. Na vidole vyao mbona vinne?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, umeelewa vizuri tu usikubali kuzimwa. Ile ya 1974 ilirushwa 1991, hiyo nyingine 2008, Homer ana bendi ya granji, yaani roki ya miaka ya tisini, kama zile za mji wa Seattle, na zinapingana kweli kweli. Shida ni kwamba katuni ilianza Disemba 1989 na mtoto wao Bart yuko miaka 10 mpaka leo, mdogo wake Lisa 8, sasa dunia inasonga wao hawakui, kwahiyo baba mtu hawezi tena kua kijana wa 1974 ndo waandishi wakausogeza ujana wake mbele.

Aliyeumia ni Lisa. Episodi ya 1992 inaonyesha kazaliwa kipindi cha Olimpiki ya Los Angeles, 1984, sasa kama wazazi miaka ya tisini bado wachumba huyu mtoto katoka wapi? Mi inaniuma maana ile episodi naipenda mno, pale mwisho Homer anamlaza mtoto wa mwisho, Maggie, anazima taa anafunga mlango, ndo kachanga kanatoa chuchu ya plastiki mdomoni kanaita baba, na hakuna aliyesikia.

Vidole vinne sio kosa, katuni nyingi za Marekani zinachorwa hivyo toka zamani.