Sanamu ya nje inayojitegemea kwa umeme wa jua: hesabu kwanza, paneli baadaye

Mwenzetu ameuliza anunue paneli ya ukubwa gani kwa ajili ya sanamu ya chuma atakayoiweka kwenye bustani ya umma, ili iwake usiku kucha bila umeme wa gridi. Kwa kuwa kutengeneza sanamu za namna hiyo ndiyo kazi yangu, ningemshauri aamue kwanza sanamu inahitaji kweli kuwaka kwa muda wa saa ngapi kila usiku, kwa maana ukubwa wa paneli hutokana na jibu hilo.

Tuseme taa zote zinatumia wati 20. Zikiwaka kwa muda wa saa 6, zitatumia wati-saa 120 kwa usiku mmoja. Zikiwaka kwa muda wa saa 12, zitatumia 240. Ongeza theluthi moja kufidia umeme unaopotea kwenye betri, nyaya na kidhibiti chaji, kisha ugawanye kwa saa za jua kali za mwezi wenye jua hafifu kuliko yote, wala si kwa wastani wa mwaka. Ikiwa mwezi huo una saa 4 kwa siku, wati-saa 160 (zile 120 pamoja na theluthi yake) zinadai paneli ya wati 40, nami ningefunga ya 60 kwa sababu ya vumbi na kinyesi cha ndege. Ili kuvuka siku 3 za mawingu, betri lazima iweze kutoa wati-saa 360. Betri ya asidi, ambayo huharibika upesi ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu, itabidi iwe ya wati-saa 720, ilhali ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma, ambayo yaweza kutumiwa hadi asilimia 80, itatosha ikiwa na 450, na itadumu zaidi. Kila saa ya mwanga unayoipunguza inapunguza paneli na betri kwa pamoja, na betri ndiyo inayohitaji kubadilishwa mapema kuliko vyote.

Ndiyo maana napenda sanamu inayolitii jua: mwanga wake ufifie baada ya siku ya mawingu, au uongezeke tu mtu anapokaribia. Mfano ninaourudia kila mara uko Zadar, Kroatia, ambako msanifu majengo Nikola Bašić alitandaza mwaka 2008 duara la kipenyo cha mita 22, lenye vioo 300 vinavyofunika seli za sola, na watu hutembea juu yake. Pale paneli yenyewe ndiyo sanaa. Haikufichwa nyuma ya sanaa. Kando ya duara hilo kuna kazi nyingine ya Bašić ya mwaka 2005, ogani (kinanda cha mirija) ya bahari, ambamo mawimbi husukuma hewa kwenye mirija iliyo chini ya ngazi na kutoa sauti bila betri wala waya. Kwangu mimi huo ndio usanifu safi kuliko wote.

Kuhusu upepo kama chanzo kingine cha umeme, kumbuka kwamba kasi ikipungua kwa nusu, nguvu hubaki moja ya nane, na bustani yenye miti huuvuruga upepo. Kwa hiyo uache uzungushe sanamu moja kwa moja badala ya kuzalisha umeme.

Kabla ya kununua chochote, chunguza vivuli asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfuatano na tawi moja dogo laweza kuangusha uzalishaji wa paneli nzima. Ukituwekea hapa saa za vivuli hivyo pamoja na wati za taa zako, nitakusaidia kukamilisha hesabu.