Manyoya ya sungura yananyonyoka, ni ugonjwa au kawaida? Maswali yenu na majibu

Meseji za wiki hii karibu zote ni za manyoya, sa nimezikusanya pamoja. Kabla ya kusoma mchukue sungura wako mpakate sehemu yenye mwanga, puliza manyoya yake taratibu mpaka yafunguke uione ngozi, maana wengi mmeniandikia habari za manyoya af ngozi ya chini hamjaitazama kabisa, na jibu mara nyingi liko huko.

Shikamoo anti. Nina sungura mweupe wa miezi mitano, nikimshika tu mkono unajaa manyoya, mgongoni ana mstari kama mtu kamnyoa nusu. Kula anakula vizuri. Anaumwa? (Kimara, Dar)

Marahaba mwanangu. Haumwi huyo, anabadilisha koti. Kati ya miezi minne na sita hivi manyoya ya utotoni yanatoka yanakuja ya ukubwani, na yanatoka kwa mpangilio, mara nyingi yanaanzia kichwani na shingoni yanarudi mgongoni af ubavuni, ndo maana unaona huo mstari, upande mmoja manyoya mapya upande wa pili ya zamani. Akishakuwa mkubwa ataendelea kubadilisha. Nchi zenye baridi kali na joto kali wanabadilisha kwa nguvu mara mbili kwa mwaka kwa sababu urefu wa mchana unabadilika, ila huku kwetu mchana na usiku haupishani sana, kwa hiyo usishangae wako akinyonyoka mwezi ambao wa jirani katulia.

Puliza uangalie: ngozi safi, haina wekundu, haina unga, na vinyweleo vipya vinachomoza? Basi kaa kwa amani. Mwenye sungura wa rangi nyeusi au kijivu anaweza akakuta ngozi ina mabaka meusi akadhani ni michubuko, kumbe ni rangi ya manyoya yanayoota chini ya ngozi.

Kitu cha kuhofia kipindi hiki ni tumbo. Sungura anajilamba kutwa, manyoya anayameza, na sungura hawezi kutapika, kilichoingia lazima kipite chini. Akiwa na majani makavu ya kutosha yanapita tu bila shida, lakini anayelishwa peleti na mabaki ya ugali utumbo unapunguza mwendo na hapo ndo balaa linapoanzia. Angalia vinyesi vyake, ukikuta vimeshikana kwa uzi wa manyoya kama tasbihi ujue anameza mengi, mchane kila siku kwa brashi laini na umuongezee hei au nyasi zilizokaushwa. Habari ya juisi ya nanasi kuyeyusha manyoya tumboni achana nayo, haiyeyushi kitu zaidi ya kumpa sukari. Na akigoma kula huku vinyesi havionekani toka asubuhi mpaka jioni, usilale nae hivyo, tafuta daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Sasa anti, niko Nakuru. Sungura wangu wawili wameota magamba kwa pua na ndani ya maskio, wanajikuna usiku kucha. Jirani amesema nipake oili chafu ya gari, ati huwa inaponya. Ni kweli?

Hii ya oili chafu ntaisikia mpaka nizeeke. Ndio, utitiri ukizamishwa kwenye oili unakufa kwa kukosa hewa, ndo maana watu wanaapa kwamba inaponya. Lakini sungura hakai na kitu kwenye mwili wake bila kukilamba, kwa hiyo ile oili yote yenye mabaki ya vyuma vya injini anaimaliza kwa ulimi, na ngozi ambayo tayari ina vidonda inaungua. Wengine wanapona utitiri wanakufa ini. Usipake tafadhali.

Ulicho nacho hapo ni utitiri, na unaweza kuwa wa aina mbili kwa pamoja. Kuna ule wa masikio, unajaza ndani ukoko wa kahawia umepangana tabaka tabaka, sungura anatikisa kichwa na kulaza sikio. Kuna na ule wa upele unaochimba ndani ya ngozi, unapenda pua, midomo, kingo za macho na vidole, unaacha magamba meupe kama majivu. Huu wa pili unapanda hata kwa binadamu, kwa hiyo kama mikono imeanza kukuwasha toka uanze kuwashika sasa unajua ni nini, vaa glavu.

Dawa inayotumika sana ni ivamektini na wenye agrovet wanaijua, ila usijidungie kwa kukadiria kwa macho, maana chupa nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe na sungura wako ana kilo tatu, ukizidisha kidogo tu umempa nyingi sana. Mpime uzito, muite vet apige hesabu. Na sindano moja haitoshi! Dawa haiui mayai, kwa hiyo inarudiwa baada ya siku kumi hadi kumi na nne, na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaona magamba yamedondoka wanasherehekea, mwezi ukiisha yamerudi. Watibu wote walio banda moja hata ambaye hajikuni, matandiko yachome moto, mbao za banda zisugue na uzianike juani. Ule ukoko wa ndani ya sikio usiung'oe hata kama unatamani, unauma vibaya, acha dawa ifanye kazi utadondoka wenyewe. Kama unafuga kwa ajili ya nyama muulize vet usubiri siku ngapi kabla ya kuchinja.

Lingine, na hili ni kwa wote: ile dawa ya matone ya viroboto vya mbwa yenye fipronili usimwekee sungura kamwe, inaua.

Anti mambo, jike langu linajing'oa manyoya kifuani na kuyabeba mdomoni linayapeleka kona ya banda. Linaishi na jike mwenzake tu. Stresi? (Morogoro)

Poa. Kwanza mgeuze huyo "jike mwenzake" umkague upya, maana sungura wadogo jinsia zao zinadanganya sana na wauzaji wengi sokoni wanabahatisha. Mimba ya sungura ni kama siku 31, na jike akikaribia kuzaa ndo anajing'oa hivyo kutengeneza kiota, watoto wanazaliwa uchi bila unyoya hata mmoja. Muwekee sanduku lenye nyasi kavu leo, usisubiri uhakika.

Ukikuta kweli wote ni majike basi ni mimba hewa. Jike kupandwa na jike mwenzie kunatosha kumchanganya mwili ukadhani una mimba, na baada ya siku kama 16 au 18 anaanza kujenga kiota. Inapita yenyewe. Kile kiota usimvurugie, ukikitoa atajing'oa tena upya. Ila kama angekuwa anang'oa manyoya ya mwenzake, ya kichwani au mgongoni, hapo ningekwambia banda ni dogo au hawana cha kutafuna.

Nimehama Dar nimekuja Mafinga kwenye baridi na sungura wangu wa aina ya California White. Pua na masikio yalikuwa kahawia kwa mbali, sasa hivi ni nyeusi tii. Kazeeka au kaugua?

Kapata baridi tu, kaka! Hao wana rangi inayofuata joto la mwili. Kemikali inayotengeneza weusi inafanya kazi sehemu za mwili zenye ubaridi peke yake, yani pua, masikio, miguu na mkia, kwenye joto inalala na unyoya unaota mweupe. Dar na lile joto lake ilikuwa imelala nusu, Mafinga imeamka. Hata mgongoni, ukimnyoa sehemu kipindi cha baridi hapo panaweza kuota doa jeusi. Mpe tu banda lisilopitisha upepo usiku.

Wangu ni mweusi lakini ngozi iko safi na manyoya yamekuwa mekundumekundu kama kutu.

Jua. Manyoya ya zamani yamepauka, akibadilisha koti weusi utarudi. Sogeza banda kivulini.

Mtoto wangu wa miaka sita ana mviringo unaowasha mkononi, na sungura ana kipara cha duara karibu na jicho. Vinahusiana?

Vinahusiana kabisa dada, inaelekea ni choa. Mtoto apelekwe kituo cha afya na sungura aonwe na vet, kwa wakati mmoja, ukitibu mmoja watarudishiana. Kwa sasa mtoto asimpakate.

Sungura wangu ananuka, manyoya ya nyuma yameloa na yana rangi ya njano. Nimuogeshe kwa shampuu ya watoto? (Kisumu)

Usimuogeshe. Sungura akizamishwa kwenye maji anaweza kupata mshtuko, na manyoya yake ni mazito, yanachelewa kukauka, anapigwa baridi mpaka ndani. Chovya kitambaa maji ya uvuguvugu umfute hapo palipochafuka tu af mkaushe kabisa kwa taulo.

Sungura mzima hanuki, kwa hiyo tafuta sababu. Ni mnene? Mnene hafiki nyuma, na kile kinyesi laini ambacho kwa kawaida anakila mwenyewe usiku kinabaki kimemganda. Ni mkojo? Labda banda halisafishwi, labda anaumwa kibofu au mgongo. Geuza na nyayo, kama anakaa juu ya waya mtupu zinaweza kuwa zimepoteza manyoya na zina vidonda ndo maana hataki kusogea, mwekee ubao wa kupumzikia.

Na tenganisha hayo manyoya yaliyoloa uangalie mpaka kwenye mikunjo, maana nzi wanafuata unyevu huo wanataga na ndani ya siku moja unakuta funza wanakula nyama. Ukiwaona watoe kwa kibano, na usisubiri kesho, mpeleke kwa vet saa hiyohiyo.