Je, mapacha "huchangiana damu"?

Mkunga mmoja anayeandaa kipeperushi cha kliniki ya wajawazito anauliza kama ni sahihi kuandika kwamba mapacha wenye kondo moja la nyuma "wanachangiana damu", pale mmoja anapodhoofu na mwenzake kujaa maji.

Kitenzi kuchangia kina maana mbili, na hapo ndipo utata unapoanzia. Wapangaji wanaochangia choo wanakitumia kwa pamoja. Anayechangia damu hospitalini anaitoa, wala hairudi kwake. Kwa hiyo "mapacha wanaochangia kondo" ni Kiswahili safi, kwa kuwa kondo ni lao wote wawili, lakini "wanaochangia damu" inamfanya msomaji awaone wamepanga foleni ya kutolewa chupa moja moja.

Kinachopotosha zaidi ni kiambishi -an-, kwa sababu kinadai usawa: wanaosalimiana, kila mmoja amemsalimu mwenzake. Karibu mapacha wote wa kondo moja mishipa yao huungana ndani ya kondo hilo, na kwa wengi damu inayokwenda huku hufidiwa na inayorudi kule. Hao tunaweza kusema wanapeana. Katika takriban asilimia 10 hadi 15 ya mimba hizo mizani huvunjika: ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya mmoja humwaga damu katika vena (mshipa unaoirudisha moyoni) ya mwenzake, na inayorudi haitoshi. Anayetoa hupungukiwa, mkojo wake huwa haba na maji ya chupa yake ya uzazi, yaani mfuko unaomzunguka tumboni, hukauka hata utando ukamganda mwilini. Anayepokea hukojoa kupita kiasi, chupa yake hufura na moyo wake huelemewa. Andika basi kwamba "damu inahama kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwingine". Hata "mzunguko" ningeuacha hapa, maana kinachozunguka hurejea kilikotoka, "mtiririko" unatosha.

Majina "pacha mtoa damu" na "pacha mpokea damu" yanafaa. "Pacha aliyezidiwa damu" lilinivutia kidogo, ila mama akiishia kwenye "aliyezidiwa" atadhani mwanawe yu mahututi.

Ipo hali adimu zaidi, ambapo pacha mmoja hana moyo unaofanya kazi na anategemea msukumo wa moyo wa mwenzake. Damu humfikia kupitia ateri za kitovu, ambazo kwa kawaida ni njia ya kutokea. Hapo usitafute istilahi: sema inamwingia kinyumenyume.