Kano ya kisigino inauma: niipumzishe au niitumikishe?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 43 na nilikuwa nakimbia mara tatu kwa wiki. Miezi mitano iliyopita nilianza kuumwa nyuma ya mguu wa kulia, juu kidogo ya kisigino. Nikiamka asubuhi, hatua za kwanza nachechemea kama mzee, halafu panalegea. Nilipumzika kabisa wiki sita na maumivu yakaisha. Siku niliyorudi kukimbia sikumaliza hata kilomita tatu, yakarudi yaleyale. Sasa mtaalamu wa fiziotherapia ameniambia nifanye mazoezi ya kunyanyua visigino, hata kama panauma. Nimechanganyikiwa. Si nitazidi kuichana?

JIBU: Nzuri, ndugu msomaji. Huyo aliyekupa mazoezi yuko sahihi. Kilichobaki ni kipimo: paume kiasi gani, na utajuaje kwamba umevuka mpaka.

Tuanze na hizo wiki sita. Kano ya Akilesi, inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, ndiyo nene na yenye nguvu kuliko kano zote mwilini. Ukikimbia, kila hatua inaibebesha mzigo unaozidi uzito wako mara kadhaa. Seli zinazotengeneza nyuzi zake hufanya kazi kwa kuhisi mvuto, zisipovutwa, hulala. Ulipopumzika maumivu yalitulia kwa sababu hukuichokoza, lakini wakati huohuo kano ilikuwa inapoteza uwezo na msuli wa shavu unanywea. Ukairudisha kwenye kilomita ikiwa dhaifu kuliko siku uliyoiacha. Miaka yangu ya mwanzo kazini nami niliwaandikia watu mapumziko ya namna hii. Wakirudi na malalamiko yaleyale, nilidhani hawakupumzika vya kutosha!

Kuhusu kuichana: tatizo la miezi mitano kama lako kwa kawaida si mchaniko mpya. Ibane kano kwa kidole gumba na cha shahada, ukipanda taratibu kutoka kisiginoni. Huenda ukakuta sehemu iliyonenepa kuliko ya mguu wa pili, na ukiiminya inauma. Hapo nyuzi zimepoteza mpangilio, na mzigo unaoongezwa taratibu ndio dawa tunayoitegemea zaidi.

Kuna kisa tunachopenda kusimuliana katika fani hii. Daktari wa upasuaji wa Sweden, Håkan Alfredson, alikuwa anaumwa kano hiyohiyo. Inasemekana alinyimwa upasuaji, akaamua kuitesa kano mpaka ikatike ili wasiwe na njia ila kumpasua. Haikukatika, na maumivu yakaanza kupungua. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 walioshusha visigino kwenye ngazi, mizunguko 3 ya mara 15 goti likiwa limenyooka, kisha mingine kama hiyo goti limekunjwa, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Ukipiga hesabu ni mara 180 kila siku. Wote 15 walirudi kukimbia.

Mara 180 kwa siku ni kazi ya mtu asiye na kazi nyingine. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walilinganisha utaratibu huo na mazoezi mazito ya polepole, mara tatu tu kwa wiki, na matokeo yakawa mazuri pande zote mbili. Mimi ningekupa huu wa pili. Isitoshe, baada ya mzigo mzito, kwa siku moja hivi kano hubomoa kuliko inavyojenga, ndipo ujenzi unapoishinda bomoabomoa. Kwa hiyo siku moja fanya, siku moja acha.

Simama kwenye ngazi ukikanyaga kwa nusu ya mbele ya unyayo, kisigino kikiwa hewani. Gusa ukuta kwa ncha za vidole, usiuegemee. Chuchumia kwa sekunde tatu, tulia kidogo juu, shuka kwa sekunde tatu. Watu huharibu mwishoni mwa kupanda: wakichoka, kifundo huinamia upande wa kidole kidogo na msuli unapata nafuu ya wizi. Kandamiza kidole gumba cha mguu mpaka juu kabisa. Anza na miguu miwili, mizunguko 3 hadi 4 ya mara 15. Ikiwa rahisi, hamia mguu mmoja, kisha vaa begi mgongoni na uwe unalipakia uzito zaidi kadiri wiki zinavyokwenda. Baada ya hapo rudia ukiwa umekaa kitini, mzigo juu ya goti, maana goti likikunjwa kazi huhamia kwenye msuli wa ndani ya shavu, ambao wakimbiaji wengi huusahau.

Sasa kipimo chenyewe. Yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi na baada yake, mpaka 5 inakubalika. Hakimu mkuu ni asubuhi inayofuata: kama hatua za kwanza ni zilezile za siku zote, mzigo wa jana ulikufaa. Kama unachechemea zaidi, punguza mzigo, usiache zoezi. Utafiti mmoja wa Sweden wa mwaka 2007 uligawa wagonjwa makundi mawili: moja liliendelea kukimbia na kuruka kwa kufuata kipimo hiki, jingine likaacha kwa wiki sita za mwanzo, kama ulivyofanya wewe. Yote mawili yalifanya mazoezi ya kano, na yote yalipata nafuu. Waliokimbia hawakudhurika.

Kuna hali zinazobadilisha jibu langu. Kama panapouma ni pale kano inaposhika mfupa wa kisigino, fanyia zoezi sakafuni, kisigino kisishuke chini ya usawa wa vidole, kwa kuwa pale kano hubanwa kwenye mfupa. Kama ulitumia antibayotiki za kundi la siprofloksasini kabla tatizo halijaanza, mweleze daktari, maana zinaweza kudhoofisha kano hata kuikata. Ukisikia mlio wa ghafla kama umepigwa teke nyuma ya mguu, kisha ukashindwa kuchuchumia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo shavu likivimba na kuwa la moto, kwani huenda ni damu iliyoganda. Na sindano ya steroidi ndani ya kano hii, hata ikikutuliza kwa wiki chache, mimi siipendekezi.

Jipe wiki 12 kabla ya kuhukumu. Wengine huhitaji miezi sita na zaidi. Leo, kabla ya chochote, simama sakafuni kwa mguu wa kushoto na uhesabu unachuchumia mara ngapi mpaka kisigino kishindwe kufika juu. Kisha wa kulia. Usishangae ukiwa nusu ya ule mwingine. Andika namba zote mbili na uzipime tena kila baada ya wiki nne. Ukiniandikia tena, nitumie hizo namba.