Kabla hujauliza mapishi ya aiskrimu, pima friza yako

Wanaoanza biashara ya aiskrimu huulizia vanila na aina ya maziwa. Mimi huwauliza friza yao iko nyuzi ngapi na kwa siku inafunguliwa mara ngapi. Ladha utajifunza tu. Kinachowaangusha wengi ni barafu.

Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Mchanganyiko wako una sukari, kwa hiyo huanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Kadiri maji yanavyogeuka barafu, sukari hubanana kwenye maji yaliyosalia, nayo yanazidi kugoma kuganda. Hata kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, takriban robo ya maji bado ni shira, na shira hiyo ndiyo inayoruhusu kijiko kuingia. Ukibania sukari ili kupunguza gharama, utauza jiwe. Ukiizidisha, aiskrimu haikai kwenye koni.

Igandishe haraka, huku ikikorogwa bila kupumzika. Hapo chembe za barafu huwa nyingi na ndogo, chini ya maikromita 50 (sehemu 50 kati ya elfu za milimita moja), ulimi hauzihisi. Ukiimimina tu koponi ikaganda polepole usiku kucha, mteja atakuambia ina mchanga. Mashine huna? Sufuria ndani ya ndoo ya barafu iliyopondwa na chumvi inatosha. Uwiano wa barafu tatu kwa chumvi moja, kwa uzito, unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Mikono itachoka, lakini inafanya kazi.

Umeme sasa. Aiskrimu ikilainika, chembe ndogo ndizo huyeyuka kwanza. Umeme ukirudi, maji yale hayaundi chembe mpya, yanagandia kwenye zile kubwa zilizobaki. Kila mkatiko unazinenepesha. Fungua kopo utazame: ikiwa aiskrimu imeshuka chini ya pale ilipojazwa, hewa iliyoingia wakati wa kukoroga imetoka, na hakuna friza itakayoirudisha. Iliyoyeyuka kabisa ikakaa kwenye joto, mwaga. Najua inauma, ila kuganda hakuui vijidudu, huwalaza tu.

Wengi hupanga chupa za maji pembeni ya friza ili zihifadhi baridi. Wazo zuri, maji siyo. Barafu ya maji matupu huyeyuka kwenye nyuzi 0, na ikifika hapo aiskrimu yako ni uji zamani. Weka maji ya chumvi, gramu 100 kwa lita: hayo huyeyuka yakiwa bado nyuzi 6 au zaidi chini ya sifuri, na yakiyeyuka yanavuta joto la friza yote. Usijaze chupa pomoni, itapasuka. Na soda za kuuza zitafutie friji yake, maana kila anayekuja kununua moja anakufungulia mfuniko.